Kupunguza uzito bila kujitesa: namna ya kuhesabu chakula kwenye sahani na kuanza futingi

Ni saa kumi na mbili ya asubui, siku ya yenga. Kwenye barabara kubwa za Goma vikundi vya vijana vinapita mbio vikiimba. Mmoja anatoa wimbo, wengine wanaitikia na kupiga makofi. Kando ya barabara kuko watu wanaowaangalia: mama anayepanga mandazi yake, papa aliyetoka kununua mkate. Wengi kati ya hao wanaoangalia wamekwisha kuambiwa kwenye kituo cha afya: "Punguza uzito, fanya mazoezi." Na maneno yakaishia pale.

Kupunguza namna gani? Kuacha chakula gani? Na mtu wa kilo 80, ambaye hajakimbia tangu alipomaliza masomo, anaanzia wapi bila kuumia magoti? Haya ndiyo maulizo ambayo makala hii inajaribu kujibu, kwa vyakula vyetu, barabara zetu na maisha yetu ya hapa mashariki mwa Congo.

Kwanza, hii habari si ya kila mtu

Sherti jambo hili lisemwe mwanzoni. Katika inchi yetu zaidi ya watu milioni 20 hawapati chakula cha kutosha, kufuatana na hesabu za IPC, chombo kinachopima njaa duniani. Wengi wao wako katika majimbo ya mashariki, ambako vita imewafukuza watu kwenye mashamba yao. Mtu anayekula mara moja kwa siku hana haja ya kuhesabu chakula ili apungue. Ana haja ya kupata chakula.

Lakini katika miji hiyo hiyo, hata katika nyumba hiyo hiyo, kunaweza kuwa mtoto aliyekosa lishe na mzazi mwenye uzito uliopita kiasi. Chakula cha bei ndogo mjini ni chenye kujaza tumbo: fufu, mchele, mkate, mandazi, sukari, mafuta. Vyakula vya kujenga mwili, kama samaki, mayai na nyama, vina bei kali. Tena watu wa mjini wanatembea kidogo kuliko zamani. Kwa safari fupi wanapanda pikipiki, kazi ni ya kukaa kwenye kiti au nyuma ya meza ya kuuzia. Ndiyo maana mtu anaweza kunona bila kuwa tajiri, na anaweza kunona hata kama damu yake ina upungufu.

Juu ya nini uzito ni swali la afya

Hapa kwetu, kunona ni sifa. Papa mwenye kitumbo anaitwa mukubwa. Bibi-arusi akikonda baada ya ndoa, jamaa wanaanza kuuliza kama bwana yake anamtunza. Na mtu akipungua kilo tano, majirani wananong'ona: "Iko na ugonjwa gani?" Wengi wanafikiri mara moja ukimwi. Woga wa maneno hayo unazuia watu wengi kujitunza, kuliko hata uvivu.

Lakini mafuta yakizidi mwilini, zaidi sana yale ya tumboni, yanaongeza hatari ya tansio, ugonjwa wa sukari na ugonjwa wa moyo. Tansio isiyotunzwa inaweza kupasua au kuziba mshipa wa kichwani, na mtu akapooza upande mmoja. Mgonjwa anaweza kuwa mtu wa miaka 45 au 50, yule anayelipia watoto masomo. Akianguka yeye, nyumba nzima inaanguka naye. Sukari nayo inahitaji dawa kila siku, na hapa kwetu barabara zikifungwa juu ya vita, dawa hizo zinakosekana au bei inapanda. Kujikinga ni rahisi kuliko kutafuta insulini wakati hakuna njia ya kuifikisha.

Habari njema ni hii: haihitaji kuwa mwembamba kama mchezaji wa mpira. Kwa mtu mwenye uzito mwingi, kupunguza sehemu 5 hadi 10 kwa mia ya uzito wake kunatosha mara nyingi kushusha tansio na sukari. Kwa mtu wa kilo 80, hiyo ni kilo 4 hadi 8.

Namna ya kujipima

Kuko vipimo viwili ambavyo kila mtu anaweza kufanya.

Cha kwanza ni kulinganisha uzito na urefu. Chukua kilo zako, gawanya kwa urefu wako wa metre, gawanya tena kwa urefu huo huo. Mfano: mama wa kilo 82 mwenye urefu wa metre 1,60. 82 gawanya kwa 1,60 ni 51,25. 51,25 gawanya tena kwa 1,60 ni 32. Kwa mtu mzima, jibu kati ya 18,5 na 24,9 ni sawa. Kati ya 25 na 29,9 uzito umezidi. Kuanzia 30 ni unene unaohitaji kutunzwa. Chini ya 18,5 mtu amekonda, asijaribu kabisa kupunguza.

Cha pili ni kiuno. Chukua metre ya fundi cherehani, pitisha juu ya kitovu bila kukaza na bila kuvuta tumbo ndani. Kwa mwanamke, hatari inaanza kuongezeka kwenye sentimetre 80, na inakuwa kubwa kupita 88. Kwa mwanaume, inaanza kwenye 94 na inakuwa kubwa kupita 102. Kipimo hiki ni kizuri sana kwa wale wasio na mzani nyumbani. Andika namba, halafu pima tena kila baada ya wiki mbili, asubui kabla ya kula. Kujipima kila siku kunavunja moyo bure, kwani maji ya mwilini peke yake yanaweza kupandisha au kushusha mzani kilo moja.

Kalori ni nini?

Kalori ni kipimo cha nguvu iliyo ndani ya chakula, sawa vile litre ni kipimo cha mafuta ya gari. Mwili unatumia nguvu hiyo kupumua, kusukuma damu, kutembea, kufikiri. Chakula kikiingia kingi kuliko mwili unavyotumia, unaobaki mwili unauweka akiba kama mafuta. Kikiingia kidogo, mwili unakula akiba yake. Hesabu yote ya kupunguza uzito imesimama juu ya jambo hilo.

Vyakula havilingani kwa nguvu. Gramu moja ya bunga au sukari inatoa kalori 4. Gramu moja ya chakula cha kujenga mwili, kama kile kilicho ndani ya samaki na maharagi, inatoa 4 pia. Pombe inatoa 7. Mafuta yanatoa 9. Kwa hiyo mafuta yanashinda vyote, yawe ya mawese, ya alizeti au ya nyama ya nguruwe. Mtu anayesema "mawese haifanyi kunona, ni ya asili" anajidanganya. Mawese mekundu yana vitamini A, hiyo ni kweli na ni muhimu kwa watoto, lakini kijiko chake kina nguvu sawa na kijiko cha mafuta mengine.

Mama mwenye miaka 42, kilo 82 na urefu wa metre 1,60, ambaye kazi yake ni ya kukaa zaidi, anatumia karibu kalori 2.000 kwa siku. Mwanaume mrefu anayebeba mizigo anaweza kupita 3.000. Wote wawili wakila sahani moja, mmoja atanona na mwingine atakonda.

Hesabu ya sahani zetu

Programu nyingi za simu zinazohesabu kalori zimetengenezwa Ulaya na Marekani. Ukiandika sombe au sambaza, mara nyingi hazikupi jibu lenye maana. Tena zinakula megabayiti. Daftari na kalamu vinatosha. Hizi ni hesabu za karibu-karibu za vyakula vya kila siku:

– Kijiko kikubwa cha mafuta yoyote: 120
– Kijiko kidogo cha sukari: 16
– Andazi moja la ukubwa wa ngumi ya mtoto (gramu 50): 180
– Chupa ya sucré ya cl 33: 140
– Chupa kubwa ya bia ya cl 72: 300
– Fufu, mviringo wa gramu 400: 500
– Mchele uliopikwa, gramu 100: 130
– Maharagi yaliyochemshwa bila mafuta, gramu 100: 130
– Viazi vitamu vya kuchemsha, gramu 100: 85
– Yai moja la kuchemsha: 75
– Ndizi moja ya kuiva: 100
– Karanga za kukaanga, konzi moja (gramu 30): 170
– Avoka, nyama yake gramu 100: 160
– Lenga-lenga na mboga zingine za majani, bila mafuta, gramu 100: 25 hadi 40

Tazama mstari wa mwisho, halafu rudi kwenye ule wa kwanza. Sahani nzima ya lenga-lenga ina kalori kidogo kuliko kijiko kimoja cha mafuta yaliyoikaanga. Kwa hiyo si mboga inayonenepesha. Ni mkono wa mpishi unaomimina chupa bila kupima.

Sasa tuchukue mfano wa siku ya yule mama wa kilo 82. Asubui anakunywa chai na vijiko vinne vya sukari (65) na mandazi mawili (360). Saa nne anachukua sucré (140). Mchana ni fufu (500), sombe yenye vijiko viwili vya mawese ndani ya sehemu yake (300) na sambaza za kukaanga (150). Jioni, mchele gramu 250 (325), maharagi gramu 150 (195) na kijiko cha mafuta (120). Kabla ya kulala, konzi ya karanga (170). Jumla ni 2.325. Yeye anatumia 2.000. Zile 325 zinazobaki kila siku ndizo zinazomwongezea kilo polepole, na yeye anaapa kwamba "hakuli kitu".

Wapi pa kupunguza bila kukaa na njaa

Mama huyo hana haja ya kuacha fufu wala kupika chungu chake pembeni. Anaweza kufanya mambo matano.

Anaacha sucré na kunywa maji: 140 zimeondoka. Anakula andazi moja: 180. Anaweka kijiko kimoja cha sukari kwenye chai, si vinne: karibu 50. Anapunguza kijiko kimoja cha mawese kwenye sehemu yake ya sombe: 120. Anakata robo ya fufu na mahali pake anaongeza mboga: 125. Jumla ameondoa 615, na siku yake imekuwa karibu 1.700. Bado amekula mara tatu, bado amekula karanga zake.

Sasa anakula 300 chini ya kile mwili unachotumia. Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina akiba ya karibu kalori 7.700. Kwa mwendo huo atapunguza karibu kilo moja kwa mwezi, na akiongeza mazoezi inaweza kupita pale. Wengine wataona ni kidogo. Lakini kilo moja kwa mwezi ni kilo 6 katika nusu mwaka, na hizo ndizo zinazoweza kushusha tansio yake. Kadiri anavyopungua, mwili mwepesi unatumia nguvu kidogo, kwa hiyo mwendo utapunguka. Hiyo si dalili kwamba ameshindwa.

Mtu asishuke chini ya kalori 1.200 kwa siku bila kufuatwa na muganga. Kujinyima kwa nguvu kunakula hata misuli, kunaleta kizunguzungu, na siku mtu anapochoka anarudia sufuria kwa hasira.

Kuko mbinu ndogo ambazo zinasaidia jikoni:

Kupima mafuta kwa kijiko. Ukipikia watu sita, vijiko sita vya mafuta kwa siku nzima vinatosha kabisa kwa watu wazima wenye uzito mwingi. Watoto wadogo wana haja ya mafuta, usiwapunguzie wao. Waongezee kwenye sahani yao.

Kujaza nusu ya sahani na mboga za majani, robo na chakula cha kujenga mwili kama maharagi, samaki au yai, robo na fufu, mchele au ndizi. Ni zile aina tatu ambazo wauguzi wanafundisha siku ya kupima watoto: vya kulinda, vya kujenga, vya kuleta nguvu. Kwetu ile ya tatu imezoea kuchukua sahani nzima.

Kula sahani yako mwenyewe. Wanaokula pamoja kwenye sinia moja hawajui wamekula kiasi gani. Wanaopenda kula pamoja waendelee, kwani hiyo ni mila nzuri. Ila mtu akate fungu lake la fufu mapema na ajue ndilo hilo.

Kuhesabu bia kama chakula. Chupa tatu kubwa siku ya posho ni kalori 900, karibu nusu ya siku nzima. Halafu brosheti zinafuata.

Dawa na majani ya kupunguza haraka

Kwenye masoko na kwenye simu wanauza vidonge na chai za "kuondoa tumbo kwa siku saba". Nyingi zinafanya mtu kuharisha. Anapoteza maji na chumvi za mwili, mzani unashuka siku mbili, halafu akinywa maji kilo zinarudi. Mafuta hayajaguswa. Mwenye moyo dhaifu au figo mbovu anaweza kuumia vibaya.

Kuko pia upande mwingine wa biashara hiyo: vidonge vya kunenepesha. Wanawake wengine wanameza deksametazoni ili wapate mashavu na makalio. Hiyo ni dawa kali ya hospitali, inayotolewa kwa magonjwa fulani. Ikimezwa ovyo inapandisha tansio na sukari, inadhoofisha mifupa, inashusha nguvu ya mwili ya kupigana na magonjwa. Mtu aliyeimeza muda mrefu asiiache kwa siku moja, kwani mwili unaweza kuanguka. Aende kwa muganga, aseme ukweli bila haya, na apunguziwe polepole.

Futingi: faida yake ni ipi?

Wengi wanakimbia wakifikiri mbio peke yake itaondoa tumbo. Hesabu inaonyesha vingine. Mtu anayekimbia anatumia karibu kalori moja kwa kila kilo ya mwili wake kwa kila kilometre. Mama wa kilo 82 akikimbia kilometre tatu anatumia kama 245. Akifika nyumbani akanywa sucré na kula andazi moja, amekwisha kurudisha zote na kuzidisha. Ndiyo maana chakula ndicho kinachopunguza, na mbio inasaidia.

Lakini mbio ina faida ambazo mzani hauonyeshi. Inafundisha moyo kusukuma damu kwa urahisi. Inasaidia misuli kuchukua sukari kutoka kwenye damu. Inashusha tansio, inaleta usingizi mzuri, inapunguza mawazo mazito, na katika majimbo yetu watu wenye mawazo mazito ni wengi. Tena inalinda misuli wakati mtu anakonda, na inasaidia kilo zisirudi. Shirika la afya duniani linaomba kila mtu mzima afanye kwa wiki angalau dakika 150 za mazoezi ya kiasi, kama kutembea haraka, au dakika 75 za mazoezi makali, kama kukimbia.

Programu ya wiki 12 kwa asiyekimbia kamwe

Kosa la mwanzo ni kukimbia mbio za mwizi. Siku ya kwanza mtu anatoka kwa kasi, baada ya dakika tatu anashika mbavu, kesho yake miguu inauma, anasema spoti si yake. Mwaka 1996 Mmarekani Josh Clark alitengeneza programu ya wiki 9 ya kubadilishana kukimbia na kutembea, ambayo sasa inafuatwa na watu wengi duniani. Wazo lake ni rahisi: kimbia kidogo, tembea, kimbia tena, na kila wiki kutembea kupungue. Hii hapa ni ya polepole zaidi, kwa watu wazito.

Mara tatu kwa wiki, kwa mfano siku ya kwanza, siku ya tatu na siku ya posho. Daima anza na dakika 5 za kutembea, na umalize vilevile.

– Wiki ya 1 na ya 2: kimbia dakika 1, tembea dakika 2, mara 8.
– Wiki ya 3 na ya 4: kimbia 2, tembea 2, mara 6.
– Wiki ya 5 na ya 6: kimbia 3, tembea 2, mara 5.
– Wiki ya 7 na ya 8: kimbia 5, tembea 2, mara 4.
– Wiki ya 9 na ya 10: kimbia 8, tembea 2, mara 3.
– Wiki ya 11: kimbia 12, tembea 2, mara 2.
– Wiki ya 12: kimbia 20 hadi 25 bila kusimama.

Wiki ikiwa ngumu, irudie. Hakuna anayekufukuza. Wenye uzito mwingi sana au magoti yanayouma waanze na wiki nne za kutembea haraka tu, dakika 30. Asiye na saa anaweza kuhesabu nguzo za umeme: anakimbia nguzo mbili, anatembea nne.

Mwendo mzuri ni ule ambao unaweza kusema sentensi nzima na jirani. Ukishindwa kuongea, umekwenda mbio sana. Hata kama mtoto wa shule anakupita akitembea, wewe endelea.

Kila mji na barabara yake

Goma, adui ni mawe. Volkano ya Nyiragongo ilimwaga moto mjini mwaka 2002, na mwaka 2021 ikafika kwenye vitongoji vya kaskazini. Jiwe jeusi limebaki kwenye njia nyingi za mitaa, na linavunja kifundo cha mguu haraka. Afadhali barabara ya lami mapema kabla ya magari, au kuzunguka uwanja. Vumbi likiwa jingi, funga kitambaa au pumzika siku hiyo.

Bukavu, adui ni milima. Anayeishi Kadutu au Bagira ajue kwamba kupanda ni mazoezi tayari. Panda ukitembea, kimbia kwenye sehemu ya sawa. Kushuka mbio ndiko kunakoumiza magoti kuliko kupanda. Butembo ni hivyo pia.

Uvira, Kalemie na Kindu, adui ni joto. Toka mara tu kunapopambazuka, kunywa maji kabla na baada. Maji yawe ya kuchemsha au yaliyotiwa dawa, kwani kipindupindu hakijaisha kwetu.

Kila mahali, usalama kwanza. Usikimbie gizani wala kwenye njia usiyoijua. Mwambie mtu wa nyumbani unapita wapi. Beba karte yako ya kitambulisho, usibebe simu ya bei kali mkononi. Mtaa ukiwa na wasiwasi, ruka kamba uani au panda na kushuka ngazi dakika 20. Mwili hauulizi kama ulikuwa barabarani.

Viatu haviombwi kuwa vipya. Baskete za caoutchouc zenye kisigino laini, hata za mtumba, zinatosha kama hazibani vidole. Sandali ni hapana. Akina mama wanaoogopa maneno ya watu juu ya pantalo wanaweza kuvaa pana, au kufunga kikwembe juu mpaka wafike uwanjani. Kutoka watatu au wane kunafunga midomo ya wacheka-cheka, na siku uvivu unakushika, wenzako wanapiga hodi.

Nani apite kwa muganga kwanza

Mwenye tansio, sukari, ugonjwa wa moyo au pumu asianze bila kupimwa. Tansio ikiwa 18 juu au 11 chini, atunzwe kwanza. Mgonjwa wa sukari anayetumia insulini au glibenklamidi akipunguza chakula na kukimbia anaweza kuishiwa sukari: anatetemeka, anatoka jasho, anachanganyikiwa. Kipimo cha dawa sherti kibadilishwe na muganga, na atembee na sukari mfukoni. Mwenye ugonjwa wa SS asijikaze wala asikose maji. Mama mwenye mimba au anayenyonyesha asijipunguzie chakula, ila kutembea ni vizuri. Watoto hawawekwi kwenye kupunguza.

Anayetumia dawa za tansio asiziache juu ya kuona amekonda. Muganga ndiye atakayezipunguza.

Ukikimbia ukasikia kifua kinabana, maumivu yanapanda kwenye mkono au taya, au unataka kuzimia, simama mara moja na uende hospitali.

Na jambo la mwisho ambalo ni kubwa: mtu anayekonda bila kutaka, akiwa na kikohozi cha wiki mbili, homa ya jioni au kiu isiyoisha, asishangilie. Hiyo inaweza kuwa kifua kikuu, sukari au ugonjwa mwingine. Aende kupimwa.

Kwa majirani watakaouliza kwa nini mama fulani amepungua, jibu liko rahisi: anajitunza ili aone wajukuu. Wiki ya kwanza inahitaji daftari, kijiko cha kupimia mafuta, na dakika moja ya kukimbia mara nane.